Gombo, Pambizo na Upau

Ukitaja neno teminali hapa Mikindani, atakayekusikia atafikiri makontena, na hatakuwa amekosea. Mtaa wetu uko bara ya Mombasa, baina ya barabara kuu ya Nairobi na hori ya Tudor, na kwa miaka mingi umekuwa makao ya watu wanaokula kwa bandari: makuli, makarani, madereva wa matrela, mawakala wa forodha. Teminali ya pili ya makontena ilipofunguliwa Kilindini mwaka 2016, ilikuwa gumzo la vibanda vya chai huku kwetu. Iko teminali nyingine, hata hivyo, ambayo haina kreni wala geti. Ni dirisha jeusi lenye herufi za rangi ya maziwa, halina picha, halina vitufe vya kubonyeza. Vijana wa huku wanaoandika programu, wengi wao kwa laptopu za mitumba ziitwazo ex-UK ambazo betri zake zilikufa zamani, wanaipenda kwa sababu isiyohitaji falsafa: haili memori na haili bando. Seva iko Ulaya au Afrika Kusini, wewe uko Mikindani, na kinachovuka bahari ni herufi tupu.

Tabu ya dirisha hilo huja usiku, seva inapougua. Unafungua faili ya kumbukumbu zake, mistari elfu arobaini, na skrini inakuonyesha hamsini tu. Unashuka, unashuka, unashuka tena. Mistari inafanana kama mawimbi. Mwisho unajiuliza swali ambalo abiria yeyote aliyesinzia kwenye matatu analijua: hapa ni wapi? Kihariri, ile programu ya kusomea na kuandikia maandishi, kinakujibu kwa nambari ndogo kwenye kona ya chini kulia, 47%, kisha kinanyamaza. Wapi kuna makosa, wapi lile neno ulilolitafuta limejirudia, wapi uliweka alama saa moja iliyopita, hayo hakikuambii.

Ndiyo sababu miaka ya karibuni baadhi ya watu wameamua kukibandikia kihariri cha teminali kitu ambacho madirisha mengine ya kompyuta yalikuwa nacho tangu zamani: upau wa kusogeza, ule mstari mwembamba wa pembeni unaoweza kuushika kwa kipanya na kuuvuta. Kwa Neovim, kihariri kinachopendwa sana na vijana hao, kazi hiyo hufanywa na programu-jalizi, mojawapo ikiitwa nvim-scrollview. Wapo wanaoiona kuwa pambo la mtu asiye na kazi. Mimi naona hapo kisa kirefu, ambacho kimepita Afrika Mashariki kwa njia ambayo wengi wa vijana hao hawaijui, ingawa huiona kila wanapowasha kihariri.

Tuanze na jina. Wafasiri wa programu za kompyuta, ambao kazi yao ilipata nguvu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, walihitaji neno la vile vipande virefu vya pembeni mwa dirisha. Wapo wanaosema mwambaa, wapo wanaosema upau. Mimi nimeshika upau kwa sababu naujua: ni ule mti mwembamba wa paa, na pau ndizo zinazobeba makuti. Fundi wa kuezeka akisikia kwamba upau unasogezwa atashika kichwa, maana upau wa nyumba ukisogea mvua imeingia ndani. Lakini lugha hukopa kwa jirani aliye karibu, na mti mwembamba uliolala kwa urefu ndio uliokuwa karibu.

Gombo ni neno lenye umri mkubwa zaidi. Waliosoma Biblia ya Kiswahili wamelikuta humo kama gombo la chuo, na wasomaji wa leo hudhani chuo hapo ni shule. Sivyo. Katika Kiswahili cha zamani chuo kilikuwa kitabu chenyewe, na mtoto wa Kimvita alipotiwa chuoni alipelekwa palipo na kitabu. Kabla karatasi hazijashonwa kuwa kurasa, kitabu cha dunia ya kale, kutoka Misri hadi Roma, kilikuwa utepe mrefu wa mafunjo uliozungushwa. Msomaji aliukunjua kwa mkono mmoja na kuukunja kwa mwingine. Ubaya wake ni kwamba hukuweza kuruka: ukitaka mwisho, sharti upite katikati. Uzuri wake ni kwamba mikono yenyewe ilikupa habari. Mzingo wa upande mmoja umenenepa, wa pili umekonda, basi hadithi inakaribia kwisha. Kitabu cha kurasa, kilichoenea katika karne za kwanza baada ya Kristo, kilirithi uzuri huo na kuponya ule ubaya. Kidole gumba kilipima unene uliobaki, na aliyetaka katikati alifungua katikati.

Kitabu kilichoshuka pwani hii pamoja na Uislamu kilikuja na jambo la tatu, nalo ni pambizo inayosema. Msahafu umegawanywa juzuu 30, kila juzuu ina hizbu mbili, kila hizbu robo nne, na migao hiyo huonyeshwa kwa alama pembeni mwa maandishi. Alama nyingine humwambia msomaji kwamba hapa asujudu. Waandishi wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, waliosifika kwa misahafu ya mkono katika karne za 18 na 19, waliipamba pambizo hiyo kwa nakshi mpaka ikawa nusu ya uzuri wa ukurasa. Chini ya ukurasa, waandishi wa hati za Kiarabu walizoea kuandika neno la kwanza la ukurasa unaofuata, ili mfuatano usipotee karatasi zikichanganyika. Msomaji basi alikuwa na vitu viwili kwa pamoja: unene wa kitabu mkononi, uliomwambia yuko wapi, na alama za pembeni, zilizomwambia kuna nini hapo.

Hapa nitoke kando kidogo. Mtoto wa chuoni pwani huanza na juzuu ya Amma, ambayo ni ya 30, yaani ya mwisho kwa mpangilio wa msahafu. Lau angekuwa na kihariri changu, siku yake ya kwanza darasani kona ya chini ingemwambia amefika 97%. Asilimia ni kipimo cha kitabu, haipimi msomaji. Mwalimu akimuuliza umefika wapi, mtoto hutaja sura, na mwalimu humjua kwa msahafu wake pia: kurasa za Amma zimechakaa, zimelegea pembe, na zile za Al-Baqara bado zinang'aa kama jana. Uchakavu huo nao ni alama ya pembeni. Nitaurudia, kwa sababu mwaka 1992 watafiti wanne wa Marekani waliuandikia makala.

Mashine ndiyo iliyovuruga mambo. Mwaka 1879 waya wa simu ya maandishi kutoka Aden ulifika Unguja kwa chini ya bahari, na kabla karne haijaisha Mombasa nayo ilikuwa imeungwa. Maneno yakarudi kuwa utepe. Baadaye zikaja teleksi katika ofisi za meli, mashine zilizotema karatasi kutoka kwenye rola bila kujali kurasa: meli gani imetoka Bombay, inabeba nini, inaingia lini. Karani aliichana karatasi kwa rula na kuitundika. Gombo lilikuwa limefufuka, ila safari hii halikuwa mikononi mwa msomaji. Lilikuwa ndani ya mashine, na mashine haikumwambia limebaki kiasi gani.

Jamaa wa teleksi ndiye aliyekuwa teminali ya kwanza ya watu wengi wa kompyuta. Teletype Model 33, iliyotoka mwaka 1963, ilipiga herufi kumi kwa sekunde juu ya rola la karatasi. Watu wa Bell Labs waliounda Unix walifanya kazi kwa mashine za ukoo huo, na Ken Thompson alipoandika kihariri kiitwacho ed mwaka 1969, alikiandika kwa watu ambao kila mstari waliouona uliwagharimu wino na kelele. Kwa hiyo ed hakionyeshi chochote mpaka uombe. Na ukipotea ndani ya faili, kuna amri ya kuuliza: nukta na alama ya sawasawa. Unapiga herufi hizo mbili, kinakujibu nambari ya mstari uliposimama. Sijui njia fupi zaidi ya kuuliza niko wapi katika lugha yoyote. Hata leo, katika kila kompyuta ya Linux iliyoko Mombasa, teminali inaitwa kwa ufupi tty, herufi tatu za ile Teletype.

Skrini za kioo zilipokuja, gombo lilihamia kwenye mwanga, na hapo ndipo penye fumbo linalonivutia. Mwaka 1976, Bill Joy, mwanafunzi wa Berkeley huko California, alianza kuandika kihariri kilichokuja kuitwa vi, akijifunza kutoka kwa kihariri em cha George Coulouris wa Queen Mary College, London. Alikuwa na teminali ya ADM-3A na modemu ya baud 300, yaani herufi kama 30 kwa sekunde. Fanya hesabu. Skrini yenye mistari 24 ya herufi 80 ni herufi 1,920. Kuijaza yote kwa mwendo huo ni sekunde 64. Unabonyeza, unakwenda kumimina chai, unarudi, ukurasa unamalizika. Sasa chukua upau. Kila kishale kinaposogea lazima ufute alama ya upau mahali pa zamani na uichore mahali papya. Kwenye ADM-3A kupeleka kishale mahali fulani ni herufi nne, na alama yenyewe ya tano. Mara mbili, kumi. Kumi kwa 30 ni theluthi ya sekunde, kila ukigusa kitufe. Hakuna mtu mwenye akili angekubali kulipa hivyo kwa pambo la pembeni.

Kwa hiyo vi kikawa bahili. Amri zake ni herufi moja moja, h j k l za kusogea, kwa kuwa kibodi ya ADM-3A ilichorewa mishale juu ya vitufe hivyo vinne. Ubahili huo baadaye ulifanywa dini. Nimekutana na watu waliozaliwa baada ya mwaka 2000 wanaosema upau wa kusogeza ni dhambi, na ukiwauliza kwa nini hawajui kwamba wanalinda adabu za modemu ya mwaka 1976. Mila nyingi ndivyo zilivyo, hata zetu.

Wakati Joy akihesabu herufi, kilomita kama hamsini kutoka kwake watu wengine hawakuwa na haja ya kuhesabu. Maabara ya Xerox huko Palo Alto ilikuwa na kompyuta ya Alto tangu mwaka 1973, kila mtu na yake, skrini ikiwa imeunganishwa na mashine moja kwa moja bila modemu. Katika kihariri chao cha Bravo, kilichoandikwa na Butler Lampson na Charles Simonyi, ukipeleka kipanya kwenye ukingo wa kushoto kishale kilibadilika umbo na ukaweza kuyasogeza maandishi. Pambizo ilikuwa imerudi! Kutoka hapo upau ulipita kwenye Xerox Star mwaka 1981, Lisa ya Apple mwaka 1983, Macintosh mwaka 1984, kisha duniani kote. Kwa muda mrefu kisanduku kinachotembea ndani ya upau wa Macintosh kilikuwa na ukubwa uleule, faili iwe ya ukurasa mmoja au elfu. Ni mwaka 1998 tu Apple walipokubali kirefuke na kufupika kulingana na urefu wa maandishi, jambo ambalo Windows 95 ilikuwa tayari inalifanya. Hapo msomaji alirudishiwa kile alichokuwa nacho mwenye gombo la mafunjo, unene wa mzingo.

Wale watafiti wanne wa mwaka 1992, Will Hill, James Hollan, Dave Wroblewski na Tim McCandless, walikwenda mbele zaidi. Walisema kitabu cha karatasi huchakaa palipotumika na faili haichakai, nayo ni hasara. Wakatumia upau kama pambizo: juu yake wakachora alama zinazoonyesha mistari iliyohaririwa au kusomwa mara nyingi. Nilipokutana na wazo hilo nilikumbuka kurasa za Amma. Programu za siku hizi zenye vidoti vya rangi kando ya upau, nyekundu kwa kosa, manjano kwa onyo, ni wajukuu wa wazo hilo, wajue wasijue.

Teminali haikupata hata kimoja cha hivi. Hapa pana jambo linalowachanganya wengi, na linahitaji subira kidogo. Dirisha la teminali lenyewe mara nyingi lina upau. Xterm, dirisha la teminali la mwaka 1984, liliupata mapema. Lakini upau ule ni wa yaliyokwisha kupita: unakurudisha juu kwenye matokeo ya amri za awali, kama kuinua karatasi ya teleksi kutoka sakafuni. Kihariri kikifunguliwa huichukua skrini nzima. Kinaipelekea teminali mistari hamsini ya kuchora, basi. Teminali haijui kwamba nyuma ya hamsini hiyo kuna elfu arobaini, kama vile mlinzi wa geti asivyojua meli ina makontena mangapi. Yeye anaona trela lililo mbele yake. Anayejua urefu wa faili ni kihariri peke yake. Kwa hiyo upau wa kweli, unaosema habari za faili, lazima uchorwe na kihariri, kwa herufi, ndani ya nafasi ileile ya maandishi. Hakuna wa kukisaidia.

Aliyekuwa na uwezo wa kulifanya hilo alikuwa Mholanzi aitwaye Bram Moolenaar, na hapa ndipo kisa kinaporudi kwetu. Moolenaar alinunua kompyuta ya Amiga mwaka 1988, akataka vi, hakukipata, akachukua kiigizo kiitwacho Stevie na kukiboresha. Mwaka 1991 alikitoa kwa umma kwa jina la Vim. Mwaka 1994 akafunga mizigo akaenda Kibaale, mji mdogo wa wilaya ya Rakai kusini mwa Uganda, karibu na mpaka wa Tanzania, akajitolea karibu mwaka mzima kama mhandisi wa maji na usafi katika kituo cha watoto. Rakai ya miaka ile ilikuwa imeliwa na UKIMWI vibaya sana. Nyumba za bibi na wajukuu, kizazi cha katikati kimezikwa. Aliporudi Uholanzi alianzisha shirika la ICCF Holland la kukusanya fedha za kituo hicho, na akaifanya Vim kuwa programu ya sadaka: itumie bure, inakili, mpe jirani, lakini ukiweza wachangie watoto wa Kibaale.

Mamilioni ya watu wamepokea ujumbe huo bila kuutafuta. Ukifungua Vim bila kuipa faili, katikati ya skrini tupu kuna mistari michache, na mara nyingi mmoja unakuomba uwasaidie watoto maskini wa Uganda. Maelezo zaidi yamo katika faili ya msaada iitwayo uganda. Kanada michango hupitia shirika linaloitwa Kuwasha, kwa Kiswahili hichohicho chetu. Ajabu yake ni kwamba katika madarasa ya kompyuta hapa Afrika Mashariki hatuusomi mstari ule. Tunafundishwa kutoka ndani ya Vim, maana kutoka kwake kumewashinda wengi, lakini hatufundishwi kwamba programu hiyo ina deni kwa Rakai, mwendo wa basi kutoka Kampala. Moolenaar alifariki tarehe 3 Agosti 2023, akiwa na umri wa miaka 62.

Kuhusu upau, Moolenaar aliutoa kwa mkono mmoja tu. Toleo la 4 la Vim, la mwaka 1996, lilikuwa na sura ya madirisha, gvim, na sura hiyo ilikuwa na pau za kusogeza kulia na kushoto. Aliyebaki kwenye teminali alipewa kona ya chini na maneno yake mafupi: Top ukiwa juu kabisa, Bot ukiwa chini kabisa, All kama faili yote inaonekana, na katikati asilimia. Ni uamuzi wa busara kwa zama zake. Mwaka 1996 mtu wa Mombasa aliyetaka kuifikia seva ya ng'ambo alipitia modemu ya simu na kisha satelaiti, na kila herufi ilikuwa na bei.

Bei hiyo ilianguka mwaka 2009. Juni ya mwaka huo kebo ya TEAMS kutoka Fujairah, katika Falme za Kiarabu, iliwasili Mombasa. Julai SEACOM ikaanza kazi. Waliokuwa wakisoma ng'ambo ya hori yetu, Tudor, katika chuo ambacho mwaka 2013 kilikuja kuwa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, waliona tofauti kwa macho. Herufi kumi za kuchora upau, zilizokuwa theluthi ya sekunde kwa Bill Joy, sasa hazipimiki.

Kilichobaki ni mahali pa kuzichora. Neovim, tawi la Vim lililoanza mwaka 2014, lilileta madirisha yanayoelea katika toleo lake la 0.4 mwaka 2019: mstatili wa herufi unaowekwa juu ya maandishi bila kuyasukuma. Vim nayo ilileta madirisha ibukizi mwaka huohuo. Mwaka 2021 toleo la 0.5 la Neovim likaupanua mlango wa kuandika programu-jalizi kwa Lua, lugha ya Brazili iliyo nyepesi na yenye kasi. Baada ya hapo upau haukuhitaji ruhusa ya mtu. Chukua dirisha linaloelea lenye upana wa herufi moja, lilaze kwenye ukingo wa kulia, lipe urefu unaolingana na sehemu ya faili inayoonekana, lisogeze kila maandishi yanaposogea. Lipauke kidogo, ili herufi zilizo chini yake zisomeke. Huo ndio upau.

Ugumu uko kwenye mikunjo. Vim inaweza kukunja sehemu ya faili, mistari elfu tano ikaonekana kama mmoja, na hapo swali la niko wapi linakuwa na majibu mawili yote ya kweli. Uhesabu mistari iliyomo, au iliyo mbele ya macho? Ukihesabu iliyomo, upau utaruka ghafla unapopita kwenye mkunjo. Ukihesabu inayoonekana, kompyuta lazima ipitie faili nzima kujua kipi kimekunjwa, na faili kubwa itakwama. nvim-scrollview inakupa njia zaidi ya moja. Napenda programu inayokiri kwamba swali lina majibu mawili.

Kisha kipanya. Teminali ikiombwa, hutuma habari za kipanya kama maandishi. Ukivuta upau uliopo safu ya 80, mstari wa 17, kila hatua ya mvuto hutuma herufi kumi na mbili kwenda kwa kihariri. Itifaki ya kwanza ilikuwa na aibu: nambari ya safu ilibanwa katika baiti moja baada ya kuongezewa 32, kwa hiyo haikuweza kupita 223. Kwenye skrini pana, ukingo wa kulia, yaani palepale unapokaa upau, kipanya kilikuwa kipofu. Itifaki mpya iliponya hilo kwa kuandika nambari kwa tarakimu za kawaida. Kero moja ipo bado: kihariri kikishika kipanya, teminali haikiachii tena kwa ajili ya kunakili maneno mpaka ushikilie Shift, na wengi huzima kila kitu kwa hasira kabla ya kuijua siri hiyo.

Na Mikindani siyo Fujairah. Nikiwa kwenye bando la simu na mtandao ukiyumba jioni, nikiuvuta upau wa faili iliyo kwenye seva ya Ulaya, zile herufi kumi na mbili zinakwenda na jibu linarudi likiwa limechelewa. Kidole kimefika chini, upau bado uko katikati ukisita kama mzee anayevuka barabara Changamwe. Siku hizo narudi kwa herufi moja moja za Bill Joy na kumshukuru. Alama za pembeni, hata hivyo, sizizimi. Hazihitaji kuvutwa. Unafungua faili ya mistari elfu arobaini, na ukingo wa kulia tayari una madoa: lile neno ulilotafuta liko mara tatu karibu na juu, na rundo moja zito karibu na mwisho. Unajua pa kwenda kabla hujasogea.

Cha kuchekesha ni kwamba wenye madirisha walikuwa wakitembea upande wa pili. Mwaka 2011 Apple walianza kuuficha upau kwenye kompyuta zao, kwa mfano wa simu, ukitokea tu unaposogeza na kuyeyuka. Wavuti nyingi leo hazina mwisho kabisa: unashusha kidole, zinaongeza, unene hauna maana kwa kuwa gombo linafumwa mbele yako kadiri unavyolikunjua. Kwa hiyo kwenye laptopu ileile ya ex-UK, kivinjari chenye picha na rangi hakikuambii umefika wapi, na dirisha jeusi la maandishi linakuambia kwa upau, kwa vidoti na kwa asilimia.

Mimi usiku nikishamaliza na seva huwa naifunga faili na kuifungua Vim upya ikiwa tupu, kwa mazoea. Upau hauna cha kupima, haupo. Katikati kuna mistari michache, pamoja na ule wa watoto wa Uganda, na kona ya chini kulia tarakimu za mstari usiokuwepo, sufuri na sufuri, kisha lile neno moja, All.